Pumzi ya Subilaga

1

"Arobaini na sita," Dkt. Atilio Mbilinyi alisema, akaigeuza skrini ili mgonjwa naye aone. "Kwa saa moja."

Tusajigwe Mwakalinga aliinama kuutazama mstari wa kijani. Ulipanda na kushuka kama vilima, vikubwa kwanza, kisha vidogo, kisha vidogo zaidi, halafu ukanyooka. Ulinyooka muda mrefu kuliko alivyotarajia. Halafu vilima vikaanza tena kwa vurugu, kama mtu aliyeshtuliwa.

"Hapa ndipo ninapokoroma?"

"Hukoromi. Ingekuwa afadhali ungekoroma." Daktari aliweka kidole pale pa tambarare. "Anayekoroma koo lake limeziba, kifua kinapigana kuvuta hewa. Wewe koo liko wazi kabisa. Kifua ndicho kimetulia, kwa sababu ubongo haujatoa amri. Ukilala, unasahau kuagiza pumzi, mara arobaini na sita kwa saa. Sekunde ishirini, thelathini. Hii ni arobaini na nane. Damu ikikosa hewa unashtuka nusu, unahema, unalala tena, unasahau tena."

"Na sikumbuki chochote."

"Ndiyo maana unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Na ndiyo maana ulisinzia kitini."

Siku kumi zilizopita Tusajigwe alikuwa kwenye kiti cha ushushaji, mikono yake kwenye usukani, chombo cha mizigo kikiteremka kutoka karakana ya angani. Upepo wa uwanda wa Kitulo ulikuwa umezishinda mashine zote walizojaribu. Mita mia nne za mwisho zilishushwa kwa mkono wa mtu. Alikuwa ameshusha vyombo mia mbili na tatu. Cha mia mbili na nne kilitua nje ya duara, kikang'oa nguzo mbili za taa, kwa sababu macho yake yalifumba kwa sekunde nne. Hakikuwa na mtu ndani. Kilichofuata, cha Jumamosi ijayo, kilikuwa na watu kumi na mmoja.

Kwao Rungwe salamu ya asubuhi ni kuulizana kama mtu amelala. *Ugonile?* Miaka mitatu alikuwa akiitikia kwamba amelala, na miaka mitatu alikuwa akisema uongo bila kujua.

"Nipe mashine, Daktari. Yoyote."

"Si yoyote." Daktari alisogeza kisanduku cheupe chenye bomba na barakoa. "Hii ya msukumo mmoja inafungua koo. Koo lako halina shida. Hii ya pili inajirekebisha yenyewe: inasikiliza kila pumzi, ikikosekana inaisukuma yenyewe. Ingekufaa sana, kama si moyo."

"Moyo wangu umezoea."

"Moyo wako unasukuma thelathini na nane kwa mia ya damu inayouingia. Waliokuwa chini ya arobaini na tano na wakatumia mashine ya namna hii, walikufa wengi kuliko wasioitumia. Walilala vizuri, mama. Kisha wakafa. Sikupi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na kwa jinsi alivyosema Tusajigwe alijua hapo hapana njia. Moyo ule ulilegea mwezi aliojifungua Subilaga, mwanawe wa pekee, miaka ishirini iliyopita. Madaktari wa wakati ule walimwambia asizae tena, naye hakuzaa.

"Ya tatu?"

"Kichocheo. Tunakipandikiza chini ya ngozi ya kifua, kinaamsha neva inayoendesha kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu. Ndiyo ningekushauri. Lakini upasuaji ni Mbeya, foleni ni miezi minane, na ukishakuwa nacho hutakaribia antena za kituo tena. Mawimbi yake yatakichanganya."

"Maana yake kiti basi."

"Maana yake kiti basi. Tena ningekushauri uhame huku juu. Hewa nyepesi ya Kitulo inakuongezea ugonjwa."

Tusajigwe alitazama dirishani. Antena zilisimama kwenye majani zikiwa zimeelekea mbinguni, kumi na mbili, nyeupe, na yeye alizijua kila moja kwa mlio wake wakati wa upepo. Kituoni hapakuwa na mwingine mwenye leseni. Mwenzake wa zamu, mama Chaula, alikuwa Dodoma na mguu uliovunjika sehemu tatu.

"Mezani naona sanduku la nne," alisema.

Daktari alilivuta karibu. Sanduku lilikuwa dogo, na ndani yake mlikuwa na mikanda miwili ya kitambaa laini, kila mmoja na kijiduara cha chuma mahali pa kisogo.

"Inaitwa Pacha. Imeletwa kwa majaribio mwezi uliopita. Haina barakoa wala haisukumi hewa, kwa hiyo moyo hauguswi. Inahitaji watu wawili. Mmoja mzima, ndugu wa damu, alale karibu nawe. Mkanda wake unasikiliza shina la ubongo wake, pale amri ya pumzi inapotoka. Mkanda wako unaipokea amri ile na kuipitisha kwako. Yeye akivuta, unavuta."

"Na yeye anapoteza nini?"

"Watengenezaji wanasema hapotezi kitu."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimeisoma mara mbili," alijibu Dkt. Atilio, "na sijaona mahali walipouliza."

2

Subilaga hakutaka hata kumaliza kusikiliza.

"Tunaanza lini?" aliuliza, mikono yake ikiwa bado na unga wa chapati. Alikuwa akingojea chuo kifunguliwe, na tangu lile tukio la nguzo za taa alikuwa hamwachi mama yake peke yake.

"Sijasema tunaanza. Nimesema ipo."

"Mama, mara ngapi nimepita mlangoni kwako mchana nikasimama kukusikiliza? Unajua unavyokata pumzi? Nasimama pale na mimi nimeacha kuhema, nangoja. Siku moja nilihesabu mpaka hamsini, nikaingia nikakutikisa, ukanigombeza nimekuvurugia usingizi."

Tusajigwe hakulikumbuka hilo. Alitaka kuomba radhi, lakini akafikiria zamu yake ya usiku, iliyomfanya alale mchana, akajikuta anauliza, "Utaweza kulala mchana?"

"Mimi? Mimi naweza kulala nimesimama."

Kwa hiyo walivuta mapazia mazito, wakasogeza vitanda viwili mpaka vikaachana hatua moja, wakafungana mikanda huku wakichekana kama watoto wanaojifunika vilemba vya bibi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kitu cha mwisho Tusajigwe alichokisikia kilikuwa joto dogo kisogoni, na halafu kifua chake kikainuka bila yeye kukiinua. Alishtuka. Kikashuka. Kikainuka tena, taratibu, kwa mwendo ambao haukuwa wake, mwepesi, wa mtu mwenye umri wa miaka ishirini. Alitaka kukizuia, kisha akakiacha.

Alipofungua macho ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa ameota. Alikaa kitandani akilia bila sababu, na Subilaga akaamka akamkuta hivyo.

"Inauma?"

"Hapana. Nimelala, mwanangu. Nimelala."

Kwa siku tano mambo yalikwenda hivyo. Kipimo chake kilishuka kutoka arobaini na sita hadi mbili. Kichwa kilichokuwa kizito kila siku kikawa chepesi. Alisikia harufu ya viazi vikichimbwa mashambani, akakumbuka majina ya watu aliyokuwa akiyasahau katikati ya sentensi. Bwana Kaduma, mkuu wa kituo, alimpitisha kwenye mtihani wa kiti akawa na kosa sifuri.

"Jumamosi saa kumi na mbili na robo asubuhi," Kaduma alimwambia. "Watu kumi na mmoja. Hewa yao inawatosha mpaka Jumamosi mchana, basi. Hatuwezi kuwaambia wangoje."

"Watatua," alisema Tusajigwe.

3

Alhamisi adhuhuri mlango wa jirani ulibamizwa na upepo, naye akaamka kabla ya wakati. Alikaa, akauvua mkanda taratibu ili asimwamshe mtoto. Mwanga mwembamba ulipita kati ya mapazia na kumwangukia Subilaga shingoni.

Hakuwa anahema.

Tusajigwe alifikiri macho yake yamekosea. Alisogea. Shuka lilikuwa limetulia juu ya kifua kile kama limetandikwa juu ya meza. Alianza kuhesabu kwa sababu hakujua la kufanya jingine: kumi na moja, kumi na mbili. Alipofika kumi na nane alimshika mabega kwa mikono miwili, na kabla hajamtikisa Subilaga akavuta pumzi moja kubwa, ya kukwaruza, akageukia ukutani na kuendelea kulala.

Mama yake alisimama pale nusu saa akiwa na saa ya mkononi. Ilitokea mara nne zaidi, na mkanda wake ulikuwa umezimwa, mezani. Hakuna aliyekuwa akichukua kitu kutoka kwa mtoto wakati ule. Aliacha kuhema mwenyewe.

"Tangu lini?" aliuliza Subilaga alipoamka.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Tangu lini unaamka na kichwa kinauma?"

Subilaga alifunga kitenge chake, akakifungua, akakifunga tena. "Siku ya tatu."

"Ukanyamaza."

"Ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo!"

"Na Jumamosi ingekuwaje? Kumi na mmoja, mama. Mimi naumwa kichwa kidogo, wao wanakufa. Hata mtoto wa shule anajua hesabu hiyo. Nimebakiza siku mbili tu, leo na kesho. Tukimaliza tunavua mikanda tunaitupa."

Dkt. Atilio aliitwa. Alimpima Subilaga saa mbili nzima usingizini, alasiri ile ile, bila mkanda. Alipotoka chumbani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tisa kwa saa. Shina la ubongo linajifunza," alisema. "Hilo ndilo ambalo sikuona limeulizwa. Mikanda imetengenezwa ipeleke amri upande mmoja tu, lakini vichwa viwili vikilala vimeunganishwa siku nyingi, hata kile kizima kinajifunza kungoja. Amezoea kukungoja wewe."

"Akiacha leo atarudi kama zamani?"

"Nadhani."

"Daktari."

"Nadhani, Mama Subilaga. Nimewapigia watengenezaji. Wana jozi mia moja na arobaini duniani kote. Wamempima mgonjwa kila siku na mtoaji hawajampima hata mara moja. Siku mbili zaidi zinaweza zisifanye kitu. Zinaweza pia zikawa ndizo zinazogeuza. Siwezi kukudanganya."

Subilaga alisimama katikati yao. "Basi ni pumzi yangu. Ninaitoa. Mtu anaruhusiwa kutoa figo, anaruhusiwa kutoa damu. Wewe ulitoa moyo wako kunizaa mimi, na hakuna aliyekuja kukuzuia mlangoni."

Tusajigwe alihisi maneno yale yakimwingia mahali ambapo hakuwa amejikinga. Hakuwahi kumwambia. "Nani kakuambia habari ya moyo?"

"Shangazi. Nikiwa na miaka kumi na miwili."

Nje antena moja ililia kwa upepo.

"Sikiliza," Tusajigwe alisema, na sauti yake ikawa ya chini. "Mimi sikuutoa. Ulilegea tu. Hakuna aliyeniuliza, na wala sikuwa nimekuona bado. Kukuzaa hakukuwa bei. Usinilipe."

"Na wale watu?"

Tusajigwe alitoka nje akatembea mpaka kwenye uzio na kurudi, mara tatu. Sehemu yake moja, ile iliyoshusha vyombo mia mbili na tatu, ilikuwa imeshakubali. Siku mbili. Ilisema kwa upole kabisa: siku mbili ni nini? Ile ndiyo iliyomtisha. Alirudi ndani, akaichukua mikanda yote miwili, akamkabidhi daktari.

Kisha akampigia Kaduma.

4

"Unaniambia nini?" Kaduma alikuwa anapiga kelele. "Chombo kinashuka kesho kutwa asubuhi, nawe unaniambia huna usingizi?"

"Nakuambia nisipolala sifai kukaa kitini, na mashine ninayolalia imemdhuru mwanangu. Nimeiacha."

"Wako kumi na mmoja!"

"Najua idadi yao, Bwana Kaduma. Wewe ulishusha vyombo miaka tisa kabla ya mimi."

"Nimeacha miaka kumi na miwili. Mikono imekufa."

"Tuna siku moja na nusu ya kuiamsha."

Hakumsamehe, lakini alikuja. Ijumaa nzima alikaa kwenye kiti cha mazoezi, tumbo lake likigusa usukani, na Tusajigwe nyuma yake akimsomea upepo. Mara ya kwanza alikiangusha chombo cha mazoezi. Mara ya pili pia. Mara ya saba kilitua kimelala ubavu, na Kaduma akatukana kwa Kibena. Tusajigwe alilala vipande vipande kwenye benchi, bila mashine yoyote, Subilaga akiwa ameketi kando anamtikisa kila alipokata pumzi.

Jumamosi jua lilichomoza safi, na upepo ukachomoza nalo. Chombo kilionekana kwanza kama doa la shaba juu ya milima ya Kipengere, kisha sauti yake ikafika.

"Mita mia nne," alisema Kaduma. "Nimekishika."

"Upepo kutoka kushoto. Upe nafasi. Usipigane nao." Tusajigwe alikuwa amesimama kwa makusudi, asije akasinzia, akishikilia mgongo wa kiti. "Mia tatu. Unakwenda haraka."

"Najua."

"Punguza. Sasa ngoja ule wa bondeni uje, utakuja kutoka chini, ukija—"

Hapo sentensi ilikatika. Baadaye walipoangalia kumbukumbu waliona alisinzia kwa sekunde sita. Yeye aliona tu sakafu ikimjia, mkono wa Subilaga kwapani mwake, na sauti ya Kaduma ikiita jina lake mara moja, kisha ikiacha kuita kwa sababu hapakuwa na muda. Upepo wa bondeni ulikuja. Kwenye skrini chombo kiliruka juu, kikainama, na mikono ile mizito ya mzee haikupigana nao. Iliuachia, ikangoja, ikabana.

Kilitua kwa kishindo kilichotikisa vioo. Mguu mmoja wa chombo ulivunjika na kikaegemea kama ng'ombe anayelala. Vumbi lilipanda. Mlango wa ubavuni ulifunguka na mtu akateremka, akaanguka magotini kwenye majani, akafuata mwingine. Subilaga ndiye aliyehesabu kwa sauti, na aliposema kumi na moja sauti yake ilipasuka.

Kaduma aliondoa mikono kwenye usukani.

"Ungekuwa umekaa wewe hapa," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo," alisema Tusajigwe.

Alikuwa ameamini kwa miaka mingi kwamba bila yeye hakuna kinachotua. Alihisi aibu kidogo, na nafuu iliyokuwa kubwa kuliko ile aibu. Aliivua leseni shingoni akaiweka mezani kabla hajaombwa.

5

Walihamia Kyela, bondeni, ambako hewa ni nzito na mipunga inafika mpaka barabarani. Kushuka peke yake kulimpunguzia Tusajigwe kutoka arobaini na sita hadi thelathini na moja. Alilala akiwa ameegemezwa mito, oksijeni kidogo puani, akingoja foleni ya Mbeya. Kichocheo alikuwa amekichagua mwenyewe, akasaini, na alijua maana yake: asingezisikia tena zile antena. Kuna siku jambo hilo lilimuuma mpaka akakataa chakula. Dkt. Atilio aliandika ripoti ya kurasa thelathini kuhusu Pacha, na majaribio yakasimamishwa katika nchi mbili. Nyingine zilisema zitaangalia.

Subilaga alipimwa kila wiki. Tisa ikawa saba. Saba ikakaa wiki mbili bila kutikisika, na katika wiki hizo mbili mama na mtoto hawakuzungumza zaidi ya habari za chumvi na maji. Kisha ikawa nne. Wiki ya tisa daktari alisafiri mwenyewe mpaka Kyela, akaifungua skrini juu ya meza ya kulia.

"Moja," alisema. "Moja kwa saa. Imekaa hapo wiki tatu. Watu wazima wengi wanayo moja, mbili, hawajui, na wanaishi mpaka uzee."

"Kabla ya mashine alikuwa na ngapi?" aliuliza Tusajigwe.

Dkt. Atilio aliufunga mfuniko wa skrini polepole. "Hatukumpima."

"Kwa hiyo hiyo moja inaweza kuwa yangu. Inaweza kuwa mimi ndiye niliyemwachia."

"Inaweza. Hatutajua kamwe."

Tusajigwe aliiweka mikono yake mezani akaitazama. Alikuwa tayari kuibeba, moja kila saa, maisha yake yote yaliyobaki.

Subilaga, aliyekuwa akifunga begi la chuo karibu na mlango, aliacha zipu katikati.

"Mama," alisema. "Hiyo moja ni yangu. Niachie."